Mota ya Stoo

Nanyuki, Jumatatu 4 Machi 2024

Baba,

Natumai umeamka salama na sikio limekupa nafasi ya kulala. Mimi mzima, ila nimechoka. Simu huisikii siku hizi, ndiyo maana nakuandikia kirefu hivi na kumpa dereva wa matatu akuletee. Vaa miwani usome polepole.

Pampu ya bwawa la hoteli imegoma. Nikiwasha, mota inanguruma tu, shafti haizunguki, na baada ya dakika moja imekuwa moto huwezi kuigusa. Breka ya stima haianguki. Maji yameanza kuwa ya kijani, na Anita, meneja wetu, amepita hapa mara tatu leo kuniuliza kama nimemaliza. Nianzie wapi?

Jambo lingine. Mwai, fundi mwenzako wa zamani hapa hotelini, alikuja asubuhi kuomba arudishwe kazini. Anakusalimu. Mtu wa pili tunamhitaji kweli, kazi imenizidi, lakini Anita alimjibu pale pale getini: "Si ni wewe uliacha pampu ikakimbia bila maji ikachomeka? Hapa huwezi rudi." Mtu mzima, baba wa watoto wanne, akageuka akaondoka. Nilimhurumia sana.

Binti yako,
Nduta


Gatitu, Jumanne 5 Machi

Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili, wewe uliyebeba jina la mama yangu. Huku tuko, mvua bado. Sikio la kushoto limefunga kabisa, la kulia linasikia jogoo wa jirani na basi. Ndiyo malipo ya miaka thelathini ya kuweka bisibisi kwenye mota na sikio kwenye mpini, nikisikiliza beringi zinavyozunguka.

Sasa sikiliza wewe. Zima breka, na uweke mtu unayemwamini pale asije mwingine akawasha. Toa kifuniko cha feni huko nyuma, uzungushe shafti kwa mkono. Ikikataa, ni beringi, au kuna uchafu kwenye impela, lile gurudumu linalosukuma maji. Ikizunguka laini, shida ni kapasita, kile kimkebe kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Usiiguse kwa vidole hata kama breka imezimwa, huwa inabaki na stima ndani. Gusisha ncha zake kwenye nyaya za balbu kuukuu mpaka iishe nguvu, ndipo uitoe.

Kule stoo kuna ile mota ya zamani iliyoungua. Achana nayo. Haina kitu cha kukufaa, itakupotezea muda bure.

Mwai naye msalimu ukimwona.

Mwanao, na pia baba yako,
Wambugu


Nanyuki, Alhamisi 7 Machi

Baba,

Salamu tele, na pole kwa sikio. Pampu inazunguka. Shafti ilikuwa laini kama ulivyosema, na kapasita ilikuwa imevimba. Nilizunguka maduka yote ya hapa Nanyuki nikakosa saizi yake. Basi, ulinikataza, lakini nikaenda stoo nikaifungua ile mota ya zamani, ile iliyomfukuzisha Mwai. Kapasita yake ni nzima. Nimeipima nikaifunga, na maji yameanza kuwa safi. Anita amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Mimi sijacheka. Ndani ya ile mota kuna ile swichi ndogo ya joto, inayozima mota kabla haijaungua. Imerukwa. Waya umetoka upande mmoja ukaunganishwa moja kwa moja na upande wa pili, kisha ukafungwa kwa uzi wa katani, kwa fundo la kushonea kiondo. Cucu, mama yako, alikufundisha wewe fundo hilo, wewe ukanifundisha mimi. Mwai hufunga kwa tepu, kazi yake naijua, bado iko hapa kila mahali.

Ijumaa ya wiki ijayo ninapeleka ripoti ya pampu. Kuna mstari wa kuandika hiyo mota ya kwanza, ile ya stoo, iliungua kwa nini, na fundi wa mwisho kuigusa alikuwa nani. Baba, nani alifunga ule waya?

Binti yako,
Nduta


Gatitu, Ijumaa 8 Machi

Nduta,

Mimi sijambo.

Ni mimi. Wiki ya Pasaka ya 2022 swichi ilikuwa imekufa, hoteli imejaa, na nyingine ingetoka Nairobi Jumanne. Nikaunganisha moja kwa moja, nikajiambia ni siku nne tu. Jumanne ilinikuta hospitalini kwa sababu ya sikio, na kazini sikurudi tena. Baadaye nikasahau. Hapana, sikusahau. Niliona haya kurudi kusema niliacha kazi hivyo. Mwezi wa tano ikaungua. Pengine kweli maji yalikatika, lakini swichi ingekuwepo mota ingejizima yenyewe.

Nikasikia Mwai amefutwa. Na wewe ulikuwa umeomba kazi pale kwa jina langu, wakakupa nafasi yake. Ningesema nini?

Nakuomba usinitaje. Nimechoka. Kusikia kumeenda, kazi imeenda, kilichobaki ni watu wa hapa kusema Wambugu alikuwa fundi.

Baba yako


Nanyuki, Jumatatu 11 Machi

Baba,

Natumai unakula vizuri. Nimekaa na barua yako siku tatu.

Kwa waya sikulaumu. Kuna siku nami nimechoka hivyo hivyo. Nakulaumu kwa hii miaka miwili. Kila asubuhi naingia kwenye chumba cha pampu nafanya kazi ya Mwai, na leo ndiyo najua niliipataje. Nina hasira na wewe, na ninakupenda, na vyote viwili vinanichosha.

Jina lako sitaliandika bila ruhusa yako. Lakini uongo pia sitausaini. Ikifika Ijumaa hujaniambia kitu, nitamrudishia Anita funguo nije nyumbani.

Binti yako,
Nduta


Gatitu, Alhamisi 14 Machi

Mama,

Natumai barua hii inakukuta kabla hujafungasha. Mimi mzima, miguu tu inauma.

Jana nilienda Wamagana kwa Mwai. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani. Nilitaka kumwambia faraghani, lakini siku hizi sijui nimepaza sauti kiasi gani, kwa hiyo mkewe na majirani wote walisikia. Nilisema yote. Waya, Pasaka, kunyamaza kwangu, na wewe kupewa kazi yake.

Niliona hajibu. Nikadhani amejibu mimi sijasikia, nikamwomba aseme tena. Akafuta mikono, akatoa simu, akaniandikia: "Sijasema kitu, Mzee. Hiyo waya niliiona siku ile ile mota iliungua. Nilikuwa nangoja ukuje."

Nililia, mama. Mkewe akaniletea uji nikaunywa bila kujua nitazame wapi.

Andika jina langu kwenye ripoti, lote. Eleza kuhusu swichi, eleza kwamba Mwai hana kosa. Mwambie Anita nitakuja mwenyewe Jumatatu, aweke karatasi na kalamu kwa sababu sitamsikia. Mwai bado anaitaka kazi, nilimuuliza mara mbili. Wakikufuta nawe, njoo, chumba chako kipo.

Wakati wa kuondoka Mwai alinisindikiza hadi barabarani. Kwa vile sisikii magari, alinishika mkono tukavuka pamoja, na hakuniachilia mpaka tulipofika upande wa pili.

Mwanao,
Wambugu