Kepher na Sindano Isiyoogelea

Gesare, shika simu! Unamkumbuka Kepher, mwalimu mwenzangu wa fizikia? Leo kwa maonyesho ya sayansi hapa Litein ameiga sindano yangu ya kuogelea, ile inayosukumwa na sumaku, akaionyesha eti ni wazo lake. Lake!

Nimekaa mbele kabisa nikimwangalia.

Akatikisa sumaku kando ya bakuli la glisarini. Sindano ikaenda mbele, ikarudi. Mbele, ikarudi. Pale pale tu! Jaji akauliza, "Mwalimu, hii inaogelea ama inacheza?" Kepher akajitetea ati glisarini ni nzito sana.

Nzito! Aki nilicheka kwa sauti.

Hakujua siri ni mkia. Kwa kitu kizito hivyo, sindano ngumu inarudi tu ilikotoka. Yangu nimeifunga kawaya laini nyuma, kanapinda, ndio inasonga.

Nikasimama, nikatoa yangu, nikaitumbukiza. Sumaku ile ile. Ikaogelea kama mnyoo hadi ukingoni! Wanafunzi wakapiga nduru.

Kepher akaninong'oneza, "Syprose, unaniaibisha."

Nikamjibu kwa maiki, wote wasikie: "Mwalimu, nishikie bakuli nieleze kazi yangu."

Na akashika, Gesare. Amenishikia bakuli mpaka nikamaliza.