Matete na Kloroksi

Jumamosi, 6 Machi 2004

Barua imekuja. Karatasi moja, mihuri mitatu. Ofisi ya manispaa inatuarifu kwamba nyumba zote za mtaa wetu hapa Al Khoudh zitaungwa na bomba kuu, na "mitambo ya kienyeji ya majitaka" itafukiwa. Ya kienyeji! Utadhani tumechimba shimo kwa jembe tukalifunika makuti.

Naandika hapa maana nikiyasema kwa sauti nitavunja kitu. Miaka mitatu nyuma, gari la manjano la kunyonya vyoo lilikuwa linatuzungusha wiki nzima. Njoo kesho, njoo kesho kutwa. Siku ya Idi shimo la jirani zetu, kina Muhanna, likafurika, wageni wakapita wameinua kanzu. Ofisi ilikuwa wapi siku hiyo? Mimi ndiye niliyechora. Tangi moja la chini kwa nyumba saba, halafu kitanda kirefu cha kokoto, juu yake matete. Vijidudu vinakaa kwenye mizizi, vinakula uchafu. Hakuna mota, hakuna umeme. Maji yanayotokea upande wa pili yananywesha mindimu na mitende ya mtaa mzima. Tangu hapo gari la manjano tumeliita mara moja tu.

Na hilo bomba lao kuu! La zamani, limechoka, mwezi uliopita limepasuka tena mjini, barabara imenuka siku nne. Ndilo tukaungwe nalo sisi ambao hatunuki.

Mlango mmoja wameuacha wazi. Mhandisi atakuja kupima maji yetu. Yakifaulu, matete yanabaki. Yakishindwa, katapila.

Mwaka wa kumi na moja huu nafundisha maabara ya maji chuo kikuu. Waje!

Jumatano, 10 Machi

Mhandisi kapiga simu. Jina lake Fahd. Sauti ya mtu aliyeshiba. Atakuja Jumanne asubuhi.

Jioni nimewakusanya wanaume wa mtaa kwenye majlisi ya Muhanna, sebule yake ya wageni. Nimewaeleza kwa Kiarabu, polepole, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza: siku hizi hasa, dawa yoyote kali isipite kwenye mabomba, vijidudu vitakufa. Nimewagawia karatasi. Wamezikunja, wametia mfukoni. Muhanna karudia yake yaleyale, kwamba maji yale ni najisi na yeye ndimu za miti ile hatii mdomoni. Haya. Achari ya ndimu anayokula kila mchana anadhani mkewe anainunua wapi?

Mama alikuwa anachagua mchele nilipomwambia nani anakuja.

"Mgeni? Anakuja kutazama choo chetu?"

Ndiyo, mama.

"Na weye umemkubalia!"

Nimecheka, nikaenda kuoga.

Jumanne, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Fahd kaja saa tatu na msaidizi na sanduku la vipimo. Wanaume wa mtaa wote nje, wamepiga kilemba. Kachota maji kwenye kisima cha kutokea, pale mwisho wa matete. Maji meupe, safi, mimi mwenyewe nimejivuna. Katia kidonge kwenye kichupa, katikisa. Waridi! Waridi iliyokolea kama sharubati ya Idi.

Klorini.

Kaniangalia usoni, mbele ya wote. Kasema, Doktora, maji haya yametiwa dawa ili yatudanganye. Hakuuliza. Kasema tu. Msaidizi anaandika. Nikajibu kwamba sijatia kitu, kwamba klorini ni sumu kwa kitanda changu, mtu gani anatia sumu kwenye kazi yake? Kasema huu ni udanganyifu na utaandikwa hivyo. Muhanna akakohoa. Kikohozi kile nitakikumbuka mpaka kaburini.

Mimi! Ambaye sijawahi kugeuza hata namba moja kwenye daftari la maabara! Nina hasira ya kupasua ukuta.

Jumatano, 17 Machi

Nimemfokea Conjesta. Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Ni yeye anayetusaidia kazi za nyumbani, mwaka wa nne sasa. Katoka Bukoba, na kwenye matete ana mkono kuliko mimi. Anayakata kabla ya joto, anatoa majani makavu, anajua kokoto zikiziba kabla sijajua mimi. Lakini dawa za kusafishia, pamoja na kloroksi yenye klorini, zinakaa chini ya mikono yake, na mimi nilikuwa natafuta mtu. Nikamwita jikoni. Nikasema maneno. Nikamwambia nilishakukataza kloroksi, kwa nini umeniua?

Kaniacha nimalize. Halafu:

"Dada, yale matete nayakata mimi. Nimwage sumu kwenye shamba langu mwenyewe? Mimi sijamwaga. Basi, usiniulize zaidi."

Basi ile ndiyo iliyonikera. Anajua kitu. Nikapandisha sauti, na yeye akarudi kupiga pasi.

Leo kitanda kimeanza kunuka. Miaka mitatu hakijanuka.

Alhamisi, 18 Machi

Nimezikuta. Galoni tupu za kloroksi, tatu, nyuma ya mlango wa chumba cha mama, zimeoshwa na kukaushwa, maana mama hatupi chombo. Nikazibeba mpaka sebuleni.

Hakushtuka hata kidogo. Kafurahi! Kasema, "Uliona lakini mambo yalivyong'ara? Nisingekubali mtu aingie hapa akute choo kinanuka. Nyumba saba zote hizi, mwanangu. Nimewapigia simu mmoja mmoja, kuanzia mke wa Muhanna. Kila nyumba galoni mbili, usiku wa kuamkia Jumanne na asubuhi yake. Na lile shimo la mwisho, pale atakapochungulia mgeni, nimelitia mie kwa mkono wangu."

Nyumba saba. Galoni kumi na nne, na ile ya kisimani. Miaka mitatu nimeshindwa kuwafanya watu wa mtaa huu wakubaliane hata rangi ya geti, na mama kwa simu moja moja kawaunganisha wote, siku moja, saa moja, kwenda kuua kitanda changu!

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. "Ungesema napoteza dawa." Na Conjesta? "Alinambia nisitie. Nkamwambia, mie nna miaka sabini na miwili, unanifundisha usafi?"

Mgeni akija, nyumba inaoshwa kuanzia mlangoni mpaka chooni. Kanilea hivyo. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Yeye ananitazama tu, haelewi kosa liko wapi. Na angeelewaje? Niliwaeleza wanaume. Kwenye majlisi. Kwa Kiarabu, na karatasi juu. Wanaoshika chupa na fagio sikuwaambia hata mmoja. Mama yangu mwenyewe nilimcheka nikaenda kuoga. Conjesta tu ndiye aliyeambiwa, na ndiye niliyemfokea.

Nimemwomba radhi. Kasema, "Sawa, dada." Hakuniangalia.

Jumamosi, 20 Machi

Nimempigia Fahd, nimemweleza yote. Kacheka kidogo. Haamini. Wanawake saba wanatia dawa kwa sababu ya kumwonea haya mkaguzi? Kasema hadithi nzuri. Lakini kaongeza: kama kweli ni makosa, sheria inatoa siku tisini kitanda kipone, kipimwe tena. Kama ni udanganyifu, hakuna siku hata moja. Anataka aliyetia aseme mwenyewe mbele yake, kwa nini, na aweke sahihi. Mpaka Jumamosi ijayo.

Matete yamegeuka manjano toka chini.

Jumatano, 24 Machi

Nimezunguka milango sita. Sita! Muhanna: mke wangu hatozungumza habari za choo mbele ya mwanamume wa kando. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu kasema mkewe amesafiri, na mimi namsikia jikoni anakaanga. Walioinua kanzu zao siku ya Idi wamesahau. Shukrani ya punda mateke.

Nimebaki na mama. Nimepiga magoti kabisa.

"Nende nkaseme mbele ya watu choo changu kilikuwa kichafu? Na nkaseme kwa lugha gani?"

Hapo nikakumbuka. Tulipofika huku Uarabuni kutoka Unguja, karani mmoja alimcheka Kiarabu chake mbele ya foleni nzima. Nilikuwa mdogo, nimemshika buibui. Tangu siku ile Kiarabu chake ni cha sala na cha sokoni. Mbele ya mtu wa ofisi hafungui mdomo.

Lakini hasira haijanitoka. Nimetoka chumbani mwake nimebamiza mlango, mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja!

Jumamosi, 27 Machi

Katapila limefika saa mbili. Limesimama mbele ya matete, linanguruma, dereva anakunywa chai. Fahd kaja na karatasi za kusaini. Nimetoka nikamwambia sina shahidi. Kasema basi, khalas.

Ndipo mama kafungua mlango. Hakumwambia kitu, kamwonyesha kwa mkono tu: ingia. Mgeni hasimamishwi juani. Fahd hakuweza kukataa, kaingia. Halwa, kahawa. Katapila linasikika mpaka sebuleni. Nikasema moyoni, sasa atasema. Kamwongezea kahawa.

Fahd kamaliza halwa, kauliza wapi atanawa mikono.

Mama kainuka kwa kasi ambayo sijaiona miaka kumi. "Ngoja, ngoja, mwanangu! Nkasafishe kwanza!" Kwa Kiswahili, na Fahd haelewi neno. Kapita ukumbini, kachomoa galoni nyuma ya mlango wake — mpya! imejaa! — na huyo, chooni. Nikasikia sauti ya Conjesta.

"Bibi, hapana."

Nikatoka. Conjesta kasimama mlangoni pa choo, mikono huku na huku kwenye miimo. Mama mbele yake, kifuniko kishafunguliwa, galoni imeshainamishwa. Na nyuma yao Fahd, vidole vina mafuta ya halwa, anaitazama ile chupa. Akamtazama mama. Akanitazama mimi. Harufu ya kloroksi ukumbi mzima.

Nimekimbilia jikoni, sijui kwa nini. Naandika juu ya kabati la mchele. Nasikia kila kitu. Fahd anauliza kwa Kiarabu, polepole, kama mtu anayezungumza na mama yake: siku ile pia ulifanya hivi, ya ummi? Mama hajibu. Anauliza tena. Nje dereva kapiga honi.

Sasa mama ananiita.

"Sabah! Hebu njoo umwambie huyu kwa Kiarabu. Nnavosema mie ndivyo useme, usinipunguzie hata neno."