Jeraha la Mzee Semkiwa

Mwanaidi mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Usagara tu wazima, na mama yako amerudi salama kutoka Pangani. Umeniuliza kama mikono yangu iliwahi kutetemeka nikishona jeraha.

Ilitetemeka, nikiwa muuguzi mpya Maramba. Mkulima mmoja, Mzee Semkiwa, aliletwa amejikata mguu kwa jembe. Nilitaka damu isionekane tena, nikamshona upesi bila kuliosha jeraha vizuri. Siku ya tatu likavimba, likanuka. Nikafumua nyuzi, nikaliosha, nikaliacha wazi. Kutwa nikawa namzungukia, situlii.

"Nesi, keti. Wanitia hofu."

Nikaketi, nikamwambia kosa ni langu.

Akanisogezea mguu. "Basi uoshe wewe mwenyewe, mpaka upone."

Ulipona. Lakini nikikuandikia haya, nimeinuka mara mbili kunawa mikono.

Bibi yako