Jumamosi Niliyotamani Kuishuhudia

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo pamoja na wadogo zangu. Je, goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua unapopanda ngazi za chuo? Sisi huku hatujambo. Mama anapigana na kuku wa jirani wanaomfukulia mchicha, na hadi leo kuku ndio wanaoongoza. Baba anakula vizuri, ila masikio yake yalikwisha kwa kelele za mitambo. Ukimwambia chai iko tayari, anakujibu kwamba mvua haijanyesha.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Barua hii nimeiandika mara nne. Zile tatu za mwanzo hazikuwa na salamu, nikazichana.

Mwezi uliopita maktaba yetu ilitimiza miaka arobaini, nami kama mkutubi niliombwa nibuni kitu cha kuwachangamsha wasomaji. Nikatundika ubao mkubwa pale mlangoni, nikaandika kwa wino mwekundu: "Ungeweza kushuhudia tukio moja tu la historia kwa macho yako, ungechagua lipi?"

Swali hilo unalijua, ni lako. Ulianza kuniuliza tangu sijajua kufunga kamba za viatu, tumekaa kwenye ngazi za nyuma, wewe unanimenyea chungwa. "Haya, Bi Maswali, leo tuko wapi?" Nami nakujibu tuko na mtu wa kwanza aliyewasha moto, na wewe unataka kujua moshi wake unanukaje. Ulipokwenda masomoni tukaendelea kwa barua. Kama leo nafanya kazi katikati ya vitabu, ni kwa ajili yako. Nilikuwa nikijisifia hilo kwa kila mtu.

Ubao ulijaa kadi za wasomaji kwa siku mbili. Muuguzi wa zahanati alitaka kumwona mtu wa kwanza kuchanjwa, aone alivyokunja uso. Kinyozi alichagua siku watu walipokanyaga mwezini, "lakini mimi nibaki ndani ya chombo." Dada mmoja muuza mitumba aliandika: "Siku watumwa walipoambiwa nendeni. Nimwone aliyetoka wa kwanza, na aliyeogopa kutoka." Kadi hiyo niliisoma mara nyingi.

Nami nikaandika yangu, nikaibandika chini kabisa pembeni: "Ofisi ya meneja wa kiwanda cha nguo, Jumamosi ile kabla ya mgomo. Nimwone baba yangu akitaja majina, nimuulize kwa nini."

Siku ya tatu alikuja fundi wa kuchomelea vyuma, yule mliyemwita Cheche, kututengenezea bawaba za mlango. Amezeeka, lakini mikono ni ileile. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu, kisha akanifuata mezani.

"Ile kadi ya chini ni yako?"

"Ni yangu."

"Kaiondoe."

Nikamuuliza kisa. Akavua kofia. "Kwa sababu mimi nilikuwepo siku hiyo, binti. Baba yako ndiye hakuwepo."

Akanieleza amesimama, hakutaka kiti. Kwamba Jumamosi hiyo, kabla ya saa sita mchana, alikuwa juu ya ngazi nje ya dirisha la meneja, akiweka nondo. Kwamba ndani alimwona karani kijana amekaa, anataja majina mojamoja, na meneja anaandika. Kwamba alihesabu majina tisa. Karani huyo ulikuwa wewe, Baba Mdogo.

Alishuka akamkimbilia Baba kwenye mitambo. Baba akaacha spana palepale, akaenda kwa meneja kumsihi aichane ile orodha. Meneja akamfukuza ofisini, na wafanyakazi wakamwona akitoka. Jumatatu orodha ikabandikwa langoni: watu tisa wamefukuzwa kazi, mgomo umekufa kabla haujaanza. Jina la Baba halikuwemo, ingawa yeye ndiye aliyezungumza kuliko wote kwenye mkutano wa siri wa kupanga mgomo. Watu wakajumlisha wenyewe. Wakampa jina la Kengele, kwamba alilia ofisini. Nami nikawa mtoto wa Kengele mpaka nilipomaliza shule.

Nilimuuliza Cheche kwa nini alinyamaza miaka ishirini na saba. Akasema Baba aliwahi kumnasua mtambo ulipomshika mkono wa shati, na Jumatatu ile jioni Baba alimwendea akamwambia: "Ulisema unadaiwa uhai. Basi nilipe kwa kunyamaza. Dogo ana safari, wakijua watamvunja." Akalipa. Mpaka alipoona mwandiko wangu ubaoni, akashindwa.

Safari hiyo, Baba Mdogo, nyumbani kwetu ilikuwa kama sikukuu. Ile barua ya meneja ya kukupendekeza chuoni ilitiwa kwenye fremu, ikatundikwa sebuleni. Nimekua nikiifuta vumbi. Baba alikula chini ya barua hiyo kila siku, na hakusema neno.

Sasa nataka nikukumbushe jambo moja, kwa sababu ndilo linalonikosesha pumzi. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, siku ya kupokea vyeti, Baba alikuja shuleni na koti lake la kahawia. Wenzangu wakauliza yule ni nani, nikawaambia ni mlinzi. Alisikia. Enzi hizo bado alikuwa anasikia. Nilikuandikia wewe, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwambia, nikakueleza kwamba katika historia yote natamani kuiona ile Jumamosi tu. Ukanijibu kurasa mbili, ninazo hapa mbele yangu. Umesema mambo madogo ya kiwandani hayaitwi historia. Halafu ukaandika: "Msamehe baba yako, Bi Maswali. Si kila mtu amejaliwa moyo wa kusimama."

Uliandika hivyo kwa mkono wako. Kutaja majina ningeweza kuelewa. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, meneja amekukalisha kitini, ameshika mustakabali wako kwenye droo. Hofu naijua. Lakini kurasa zile mbili hukuziandika kwa hofu. Ulikuwa mbali, umeshiba, hakuna aliyekushika shati. Ulichukua kalamu ukanifundisha kumsamehe mtu aliyekubebea mzigo wako.

Nilikwenda kwa Baba siku hiyohiyo aliyonieleza Cheche. Nilimkuta uani anakaza mguu wa stuli. Ilinibidi nimwandikie kwenye karatasi, maana hilo si neno la kupigia kelele uani. Akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. "Mimi nilikuwa na kazi, mke na mtoto," akasema. "Yeye alikuwa na ile safari tu." Kisha: "Usimwandikie. Atasononeka." Hilo ndilo lililomshughulisha, wewe usisononeke.

Niliomba radhi kwa lile la mlinzi. Akaniambia hata hakumbuki. Anakumbuka sana.

Mama yeye alipanda kwenye kiti, akaishusha ile fremu, akaiweka kifudifudi juu ya kabati. Ukutani pamebaki mraba mweupe.

Wale tisa, wanne wameshafariki, na wamekwenda na chuki juu ya mtu asiye na kosa. Hao siwezi kuwarudisha, nawe huwezi. Mimi na Cheche tuliwatafuta watano waliobaki. Mmoja alitufungia mlango. Mmoja alihama, hatujui aliko. Watatu walikuja Jumapili alasiri, wakiongozwa na yule mama aliyekuwa msimamizi wa mashine za kusokota nyuzi. Baba aliwakuta barazani akabaki amesimama, hajui amekosa nini tena.

Yule mama akamshika mikono. "Kaka, hukuwa wewe."

"Eti?"

"Nasema hukuwa wewe!"

"Sisikii, dada, sema kwa nguvu."

Basi mama wa watu akavuta pumzi akapiga ukelele: "HUKUWA WEWE! TUMEKUONEA MIAKA YOTE HII! TUSAMEHE!" Madirisha yakafunguka mtaa mzima. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi. Baba akawatazama mmojammoja, akasema, "Karibuni ndani, jua kali." Walikaa mpaka jioni. Sikuwa nimewahi kuona viti vyetu vyote vimekaliwa na wageni wake.

Siandiki kukuomba maelezo. Naomba uwaandikie hao watatu kwa jina lako kamili, kila mmoja barua yake, na uwaandikie watoto wa wale wanne. Usizitume kwangu niwapelekee. Na kwa Baba usiandike. Kwa Baba uje.

Mama hajanipa salamu zozote. Cheche naye anasema hana neno. Wasalimie Mama Mdogo na wadogo zangu, hao hawana hatia, waambie dada yao anawapenda. Mungu akujalie miguu ya kufika na uso wa kumtazama kaka yako.

Baba anakusalimu sana. Amerudia mara mbili nisisahau kuandika.

Ni mimi, mwanao, niliyekuamini kuliko wote,
Bi Maswali