Babu Ameagiza Mvinyo Chumbani

Dada Paskalina uliyeko majini,

Kama umebeba trei, iweke chini kwanza. Tafuta pa kukaa. Umekaa? Haya, shikamoo, na sasa nakuambia: Babu ametaja jina lako. Hajasema "yule", wala "yule wa meli". Amesema Paskalina, na aliporudia mara ya pili alikuwa anacheka, dada, meno yote nje, yale yaliyobaki.

Ningekutumia sauti, lakini unanijua. Nikishika simu nirekodi, maneno yananikauka. Kwa hiyo naandika, na naiweka hapa mtandaoni wazi, kwa sababu ulisema kuna wadada wengine wa Kitanzania humo melini, na nataka wakusomee kwa sauti mkiwa mmekaa wote. Mimi huyu huyu, ambaye mwalimu akinisimamisha nisome aya ya Kiingereza huwa naomba umeme wa mbinguni upige kwanza. Leo sijali. Nina furaha mpaka tumbo linauma.

Unakumbuka chumba chetu pale Maisaka ulivyokikata katikati kwa pazia? Upande wa kitanda ukawa meli, upande wa mlango ukawa jiko la meli. Ulikuwa umetoka chuo cha hoteli Arusha, unasubiri mahojiano ya kazi ya kupeleka vinywaji vyumbani kwenye meli ya watalii, na hukuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa abiria. Nilikaa kitandani na simu ya Mama, nakupigia wewe uliyesimama hatua chache kutoka kwangu, na unapokea kama hunijui.

"Huduma ya chumbani, habari za jioni, nikusaidie nini?"

"Nataka wiski."

"Ya aina gani, madam?"

"Ya moto."

Ukakata simu, ukafunua pazia. "Fausta! Hakuna wiski ya moto duniani!"

"Mbona hiyo inatoa mvuke?"

Wiski yetu ilikuwa chai ya rangi. Mvinyo mwekundu ulikuwa juisi ya rozela, na bia ilikuwa maji ya tangawizi uliyoyatikisa kwenye chupa mpaka yakatoa povu. Mama alikuwa anapiga kelele kutoka dukani, "Nyie wawili! Wateja wananiuliza kama nimefungua baa huku ndani!" lakini rozela alitupa bure, na siku nyingine alikuja kusikiliza mlangoni akiwa ameshika kijiko cha kupimia sukari.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Nyuma ya lile pazia sikuwa na aibu hata kidogo. Darasani Kiingereza changu ni kama bomba letu la maji mchana, unafungua inatoka hewa tu. Nyuma ya pazia kilimwagika. Nilikataa glasi, nilirudisha mvinyo, nilidai barafu.

"Mvinyo mwekundu hauwekwi barafu, madam."

"Mimi nimelipa."

"Wewe mgeni, kwenye meli ya kweli wangekutosa baharini."

Nilikuwa nacheka na mto mdomoni usinisikie. Halafu asubuhi ukatoka na sinia la Mama na vikombe vimejaa, ukapita nalo juu ya matuta ya mahindi nyuma ya nyumba ili uzoee meli inavyoyumba. Bahari yetu ni Ziwa Babati tu, na hata hapo tunasimama mbali kwa sababu ya viboko. Ulikunja magoti kama mtu anayenyemelea kuku. Jirani akauliza, "Paskalina, hayo mahindi unayapelekea chai?" Ukamjibu bila kugeuka, "Wameagiza, mama!"

Halafu ile siku ya mahojiano. Nilikuwa nyuma ya pazia, kimya kabisa, nachungulia, nikakusikia ukijibu yote vizuri, mpaka yule bwana wa kwenye simu ya video akakuambia ujifanye unamletea mvinyo chumbani. Ukabisha hodi hewani, ukasalimia, ukainua glasi ya rozela, na ukanywa. Ukameza kabisa! Ndipo ukamsogezea.

Kisha akauliza kwa nini umekunywa kinywaji cha mgeni.

Na wewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, ukamweleza kwamba kwetu anayeleta pombe huonja kwanza mbele ya anayepewa, ili yule mtu aone kuwa ni salama. Ukamwambia ndivyo Bibi alivyokufundisha, kwamba kumpa mtu mzima pombe bila kuonja ni kama kumwambia afe. Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Nimekuelewa, na ni vizuri sana. Ila ukifanya hivyo kwangu melini, unarudi kwenu na ndege ya kwanza." Kazi ukapata. Na tangu siku hiyo mazoezi yetu yote yalikuwa hayo: unaleta, unaonyesha chupa, huonji. Nilikuwa nakutega kabisa. "Onja basi kidogo, dada mhudumu." Na wewe, "Mhudumu haonji, madam." Tulilirudia hilo mpaka likawa kama wimbo.

Kumbe hapo ndipo shida ilipoingilia. Subiri, nafika.

Siku ya kuondoka tulipita Nakwa kuwaaga Babu na Bibi. Sihitaji kukukumbusha. Babu alikuwa ameshasema yake: pombe inanywewa uani, watu wakionana nyuso, na anayejifungia nayo chumbani ana lake jambo, sasa binti anayempelekea huko chumbani anakwenda kufanya nini? Ulijaribu kumweleza akakuacha na maneno mdomoni, akaenda kwa ng'ombe. Hukulia. Ulitoa kwenye begi ile chupa ya mvinyo wa Dodoma uliyomnunulia, ukaiweka juu ya kabati la vyombo la Bibi, ukasema, "Bibi, hii ni ya Babu. Mwambie namsalimu." Ukaondoka bila kupewa mkono.

Na tangu hapo, kila Jumapili ukipiga baada ya kanisa, wewe mwenyewe unajua jibu. "Babu yuko kwa ng'ombe." Mvua inanyesha, yuko kwa ng'ombe. Ng'ombe wamelala, yuko kwa ng'ombe. Kuna siku Bibi alimwambia, "Hao ng'ombe watakuwa wameshachoka kukuona." Ile chupa haikuguswa. Bibi alikuwa anaifuta vumbi na kuirudisha, na wote tukajua ni hasira ya kazi yako. Uliposema kwenye ile sauti yako ya mwisho kwamba likizo utafikia Maisaka tu, Nakwa hutapanda kwenda kutazama mgongo wa mtu, mimi nilizima simu nikakaa. Sikumwambia mtu.

Sasa sikia. Shule imefungwa, mimi niko Nakwa namsaidia Bibi. Jumatatu hii mvua ilishuka tangu asubuhi, na goti la Babu likagoma. Hakuweza kwenda kwa ng'ombe! Yuko chumbani, amekaa kitandani, anaitazama mvua dirishani. Mimi na Bibi tuko jikoni, mara tukasikia, "Fausta! Nileteeni chai huku!"

Dada, sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu kulikuwa na ukuta kati yetu, kama lile pazia. Nikajibu kwa sauti yako ile ya simu:

"Huduma ya chumbani, habari za asubuhi, nikusaidie nini?"

Bibi akaziba mdomo kwa kanga.

"Nani huyo?"

"Meli, Babu."

"Meli gani?"

"Meli ya Dada."

Nikasema basi, nimeharibu. Halafu:

"Hiyo meli ina pombe ya bibi yako?"

"Hiyo haipo, Babu."

"Basi hiyo siyo meli."

Bibi akanipiga kiwiko, akaonyesha kwa kidevu juu ya kabati. Nikasema, "Lakini kuna mvinyo."

Akasema taratibu, "Ulete."

Nilipanga kila kitu kama ulivyonifundisha: sinia la maua la Bibi, ile chupa yako ya juu ya kabati, glasi, kitambaa kwenye mkono. Nikagonga. "Rumu sevisi!" Akasema karibu. Sikuingia moja kwa moja. Nilichukua buti lake la mvua nikazuia nalo mlango, nikamwambia kwenye meli mhudumu haingii chumbani kwa mgeni mlango ukafungwa nyuma yake, unabaki wazi, na anayepita koridoni anaona. Babu aliliangalia buti lake. Aliliangalia vizuri, nami nikaingia.

"Kabla sijakupa," nikasema, macho nimeyaweka kwenye sinia, "naomba kitambulisho nione kama umri umefika."

"Wangu?"

"Wako, mgeni."

"Mimi niliyemzaa mama yako?"

Bibi alikuwa nyuma yangu koridoni anakufa kwa kicheko. Babu akapapasa koti, akatoa kitambulisho, akanisogezea usoni. "Soma! Nimefika au sijafika?"

"Umefika, Babu."

"Na ukikuta sijafika?"

"Nakuletea soda."

"Na nikiwa nimeshalewa?"

"Sikupi. Namwita mkubwa wangu."

"Hata kama ni mzungu?"

"Hata kama ni mwenye meli."

Akanitazama mimi sasa, sio sinia. "Yaani Paskalina anaweza kumnyima mtu mzima pombe, na mtu mzima akanyamaza?" Hapo ndipo alipokutaja mara ya kwanza! Nikasema ndiyo, anaweza. Akauliza, "Na huyo anayekunywa peke yake chumbani, ana nini?" Nikasema, "Ana likizo, Babu." Nikamsimulia habari za wale wazee wawili ulionieleza, walioagiza shampeni asubuhi wakiwa na nguo za kuogea, wakakuomba uwapige picha. Akaguna. Lakini ulikuwa mguno mzuri.

Kisha akanyoosha mkono. "Haya. Onja."

Nami, bila kufikiri, ulimi ukatoka wenyewe: "Mhudumu haonji."

Uso wake ulibadilika, dada. Aliushusha mkono. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Naye hakuonja. Alikuja na pombe nyumbani kwangu, akaiweka kabatini, akaenda zake. Mjukuu wangu wa kwanza. Nikasema, amenichukia mpaka hapo."

Unaelewa? Haikuwa kazi tu! Kazi alikuwa anaibishia kama anavyobishia kila kitu, angechoka. Ni chupa. Siku zote hizo alikuwa anaitazama pale juu na kuona umemletea kitu usichothubutu kukionja mbele yake. Na sisi tulikuwa tumefanya mazoezi ya kutoonja mpaka tukasahau kwamba kuna mtu atakayeumia.

Nilipiga magoti karibu na kitanda nikamwonyesha ile karatasi ya bati inayofunika shingo ya chupa. Nikamwambia, huko anakofanya kazi Paskalina, heshima ni hii. Chupa inaletwa imefungwa, mgeni anaitazama kwanza, anaona hakuna mkono uliopita, ndipo inafunguliwa mbele yake. Aliyeleta haonji kwa sababu haruhusiwi hata kuigusa ndani. "Alikuletea kama anavyomletea abiria mkubwa kuliko wote, Babu. Ila hukuwepo akufungulie. Ulikuwa kwa ng'ombe."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi. Bibi alivuta pumzi nyuma yangu.

Babu akaichukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha polepole kuzunguka shingo yake yote. Akatafuta palipoguswa, hakupaona. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Kumbe nao wanaogopa sumu!"

Alicheka, Bibi akacheka, mimi nikacheka huku nalia, na sinia likaanguka. "Paskalina huyu!" akasema. "Paskalina amenifanya mzungu nyumbani kwangu!"

Nilidhani ataifungua. Alinirudishia. "Irudishe pale pale. Atakuja aifungue mwenyewe nikiwa nimekaa namwona. Na kwangu ataonja. Mwambie kwangu siyo melini." Halafu akaniuliza chai yake iko wapi.

Basi ndiyo hivyo, dada. Tangu siku hiyo kila akitaka kitu anaita "Meli!" na mimi ninaitikia. Jana aliagiza kiberiti. Bibi anasema tumemharibu mzee wa watu. Mimi natembea uani najichekea mwenyewe, na sijui nianzie wapi kukueleza ninavyojisikia, ila ungekuwa hapa ningekukumbatia mpaka ukose hewa. Likizo yako panda Nakwa. Mgongo hutauona.

Na jambo la mwisho. Goti limepona, kwa hiyo Jumapili ukipiga anaweza kutorokea bandani kama kawaida yake, maana na yeye ana aibu, sasa nimejua niliitoa kwa nani. Nimeshapanga na Bibi, simu atamwachia yeye. Sitakuwepo kusikia sauti yako, na roho inaniuma, lakini wewe piga tu saa ile ile na useme ile salamu yako ya kazini, atakujibu.

Ng'ombe niachie mimi. Nitakuwa nao malishoni, banda litakuwa tupu.

Mdogo wako, na abiria wako wa kwanza,
Fausta