Triko Yako Nimeifumua

Baba Neema, weye ambaye simu yako haiitiki,

Nakuandikia wazi, mwenye ataona barua hii aisome, kwa sababu sina mahali pa kuituma. Jamaa yako wameamua matanga yafanyike siku ya posho, Jumamosi hii. Unasikia? Matanga yako. Mwili hakuna, kaburi hakuna, lakini maturubai yamekwisha kuombwa kanisani na mama zako wadogo wanaulizana nani atapika. Siku ya posho jioni nitaitwa mujane, na mimi bado nakuwekea sahani mezani bila kufikiri.

Tangu lile shimo la dhahabu la Mongbwalu libomoke, kila mutu ana habari yake. Mumoja alirudi akasema alikuona asubuhi ile ukishuka na taa kichwani. Mwingine akasema hapana, ulikuwa umegombana na mwenye shimo ukahamia lingine, mbali zaidi, na barabara ya huko imefungwa kwa ajili ya vita. Waliotolewa walitolewa, walioachwa chini wakaachwa, na hakuna aliyeandika majina. Mimi nachagua habari kufuatana na siku yenyewe. Nikiamka na nguvu, uko mbali na huna unité za kupiga simu. Siku zingine nafunga mlango, sitaki kusemeshwa.

Na nina hasira na weye, nikuambie tu. Tulikuwa tunakula. Vibaya, lakini tulikuwa tunakula. Kazi ya triko, hizi sweta za kufuma, ilikuwa imeanza kusimama kwa miguu yake, na weye ndiye uliyeiinua.

Mimi nilikuwa nimejifunza kufuma kwenye foyer, kile chuo cha kina mama kanisani, halafu nikakaa na ujuzi wangu bure, maana bei ya leni mpya, uzi wa kufumia wa madukani, ilikuwa inanirudisha nyumbani mikono mitupu. Weye ulirudi siku moja kutoka sokoni na triko tatu zenye matobo, zile ambazo wauza nguo za mitumba wanazitupa pembeni kwa sababu hakuna anayezitaka. Nikakuuliza kama umepata wazimu. Ukasema, “Mama Neema, leni njo hii. Imejificha tu ndani ya triko mbaya.” Ukachukua chuma nyembamba za gurudumu la velo, ile baiskeli iliyokufa, ukazisugua kwenye jiwe nyuma ya nyumba hapa Saio mpaka zikawa sindano. Bado nafumia hizo hizo.

Unakumbuka ile nyekundu? Nilikuwa nimekuonyesha: geuza triko ndani nje, angalia mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa na makasi kisha kikashonwa na mashine, acha, uzi utatoka vipande vipande. Ukasema weye hufundishwi kununua. Ukaleta nyekundu, nzuri, laini kabisa, na tulipoanza kuvuta ikatoka vipande vya urefu wa kiganja tu. Ulikaa siku ya Mungu nzima ukiunga mafundo, umenuna, hutaki kuniangalia. Kofia ya kwanza ya Neema ilikuwa na mafundo mengi kuliko leni. Mutoto analia, inamukwaruza kichwa, na weye unasema, “Muache, inamufundisha maisha.” Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na wanaume wa avenue yetu. Walikuwa wanapita wakikukuta umekaa kwenye kiti, mikono umeinyoosha mbele, uzi umezungushwa juu yake na mimi nakunja donge. Wakasema, “Ona uyu, bibi yake amemufunga kamba.” Hata hukugeuza kichwa. Ukajibu, “Afazali kamba ya bibi kuliko ya gereza.” Wakaenda wakicheka. Kesho yake mumoja akaleta triko ya mutoto wake nimupanulie mikono.

Halafu kaka yako mukubwa Papa Yoshua akaja na maneno ya dhahabu, na weye ukasikiliza. Nikakufumia triko ya safari, ya kijani, kahawia na kijivu, kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Uliivaa asubuhi chache tu, halafu siku ya kuondoka ukaitundika kwenye musumari. “Kule chini iko joto, itaoza bure. Unichungie.” Nikakuchungia. Mwanzoni ilinuka weye, sabuni na moshi wa makaa. Neema alikuwa anaingiza kichwa ndani yake na kukaa humo. Baadaye ikaanza kunuka ukuta tu.

Sasa unajua desturi ya kwenu: matanga yakiisha, nguo za marehemu zinagawanywa kwa ndugu. Wiki iliyopita nilisikia kwamba mutoto wa baba yako mdogo, yule wa Bigo, amekwisha kusema triko ile itamutosha vizuri. Atapita nayo sokoni. Nitaona mugongo wako unatembea, nitakimbia kuushika, na utageuka na sura ya mutu mwingine. Nikasema hapana. Nguo inagawanywa. Uzi, nani atauomba?

Nikakaa mlangoni, nikafungua shingo, nikatafuta ncha, nikavuta. Kwenye kiwiko cha kushoto, pale musumari ulipopachana nikapatengeneza, uzi ulikataa. Nikavuta, ukakataa. Pale ndipo nililia, Baba Neema, nililia vibaya, jirani akaja akafikiri habari imefika. Kisha nikaufua ule uzi, nikautundika kwenye kamba, nikaufunga jiwe kwa chini ili unyooke.

Ulikuwa ungali unachuruzika Papa Yoshua alipofika kukusanya nguo zingojee siku ya kugawanywa. Nikamupatia suruali na mashati ndani ya mufuko. Akaangalia ndani.

“Na ile triko?”

“Triko haiko.”

Akainua macho akaona kamba. Rangi anazijua. Nikangoja apandishe sauti, nilikuwa nimekwisha kutayarisha majibu yangu yote, na mengine hayakuwa ya kanisa. Lakini alikwenda kugusa ule uzi, akafungua jiwe, akavuta kiti.

“Tuletee tukunje,” akasema. Akanyoosha mikono.

Tukakunja. Alikuwa hajui, alikuwa anainua mkono wa kushoto mahali pa kulia, uzi unakwama. Katikati ya kazi akasema, akiangalia chini, “Ile njia ya Mongbwalu ni miye nilimuonyesha. Mama anaamka kila asubui ananiuliza, ‘Amefika?’ Miye naambia yeye, ‘Bado.’ Kila asubui, Mama Neema. Siwezi tena kusema bado.”

“Basi munamuua ili mulale?”

“Ndiyo,” akasema. “Ni vile.”

Sikumusamehe wala sikumufukuza. Nilimupa chai, akanywa, akaondoka na mufuko wa nguo zako.

Sasa nikuambie neno la leo, ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Neema amekwenda masomo. Nikachukua lile donge na sindano, nikajiambia nitakufumia tena triko ile ile, kipimo kile kile. Siku ya posho nitakaa kwenye mkeka mbele ya watu wote nikiwa nafuma triko ya mwanaume aliye hai, wanishangae mpaka wachoke. Nikaanza kupandisha vitanzi vya ukingo. Kifua chako nakijua bila kamba ya kupimia, mikono inakwenda yenyewe. Ikafika mahali ikasimama. Nikaangalia. Vitanzi vilikuwa vichache. Nikafikiri nimekosea, nikashusha vyote, nikaanza upya, na mikono ikasimama tena pale pale.

Ni kipimo cha Neema.

Nimekaa nayo hapa magotini, sijaishusha tena. Kinywa changu bado kinasema uko njiani, na siku ya posho kitasema hivyo mbele ya mukubwa wako na mama yako. Lakini mikono haikuniuliza. Kama uko mahali, njoo kabla posho haijafika. Ukichelewa pia, njoo, utanikuta. Nitamuvua mutoto triko hata akilia, nitafumua yote, nitaanza na kifua chako.

Kaa salama pale ulipo, chini au juu.

Mimi bibi yako, mpaka weye mwenyewe uniambie sivyo,

Mama Neema