Bega ya Baba Zakayo

Ngoliba, upande wa Thika,
Shamba ya mkonge.

Kwa mdogo wangu Jerusa, mtoto wa mama yangu, aliyenifuata kuolewa boma moja na mimi,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa huku, na kabla hujauliza, mimi ni mzima. Ni magoti tu, na magoti si ugonjwa, ni umri. Wewe je? Kifua kimeacha kukubana? Watoto wanakula? Na mvua imefika huko Maragoli ama mnatazama mawingu yakipita kama sisi? Huku Ngoliba jua linachoma mpaka kuku wanatembea na mdomo wazi. Wakati ule tukikaa Ruiru kwa kahawa nilikuwa nalalamika baridi kila asubuhi. Sasa naitamani ile baridi kama nyama.

Anayeandika ni Mama Nduta, bibi ya karani wetu. Amesoma huyu. Nimemwambia aandike maneno vile yanatoka, asinipunguzie. Sasa hivi anacheka. Andika hiyo pia, Mama Nduta, andika unacheka.

Jerusa, uliniuliza kama nakuja kulima msimu huu ili unifagilie nyumba. Nitakujibu. Lakini lazima nianze na bunduki, bila bunduki hutaelewa kitu.

Unajua Baba Zakayo ndiye askari wa wanyama hapa shambani. Alikuwa na kabunduki kadogo ka kufukuza nyani na nguruwe, kanalia kama mtu amepiga kofi. Basi akatoka mbogo mmoja dume huko vichakani kando ya mto, kiwete, na unajua mnyama kiwete ana hasira ya bure kama mtu kiwete. Akaanza kulala katikati ya mistari ya mkonge. Akamrusha mkataji mmoja juu kama shuka inayokung'utwa. Mtu hakufa, lakini watu wakaweka panga chini, wakasema hawakati tena. Bwana mwenye shamba akaenda Ruiru kwa rafiki yake, akarudi na bunduki kubwa ya midomo miwili, risasi yake nene kama kidole gumba ya fundi. Akamwambia Baba Zakayo, "Macho yangu yamezeeka. Wewe utapiga. Ukimlaza, nakupa ile nyumba ya mawe pale kwa pampu ya maji."

Nyumba ya mawe, Jerusa! Lakini ni chumba kimoja. Na chumba kimoja ni bibi mmoja, na sisi ni wawili. Baba Zakayo mwenyewe alisema tukiwa tumekaa hapo nje, "Mmoja atakaa na mimi, mmoja ataenda nyumbani kulima. Mbogo akilala nitaamua."

Huyu bibi mdogo mliambiwa habari yake, Mbithe, Mkamba wa ng'ambo ya mto. Meno yote iko. Shingo ndefu. Akitembea hata vumbi haiinuki. Ananiita Mama, na ananiita vizuri, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Angekuwa ananitukana ningepumzika.

Siku ya kujaribu bunduki waliweka debe tupu juu ya kichuguu. Watu wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wakaja kutazama. Baba Zakayo akaishika ile kubwa vile anashika ile ndogo yake, kitako mbali kidogo na bega, maana alikuwa anaiogopa. Akafyatua. Jerusa, sikuona moshi, sikuona debe, niliona nyayo za mume wangu. Kofia kule, yeye huku, bunduki katikati. Debe limesimama linatuangalia.

Tukakimbia wote wawili, mimi na Mbithe. Nani alifika kwanza? Si unajua tu. Mimi nilipofika, napumua kama gari moshi ya Thika, tayari kichwa ya mume wangu iko juu ya mapaja yake, anampepea na leso. Ati ananiambia, "Pole, Mama, umechoka." Mimi! Nimechoka!

Bega ikawa nyeusi, halafu rangi ya samawati, halafu kama ndizi imeivia kwa jivu. Zamu ilikuwa ya nyumba ya Mbithe. Nikapeleka maji moto ya chumvi na mafuta ya mbarika, kwa sababu hiyo bega ni mimi naijua, tangu ikibeba miti ya kujenga nyumba yetu ya kwanza. Nikaambiwa mlangoni, "Amelala, Mama. Nimeshamkanda." Nimeshamkanda! Zamu yangu ilipofika nikainusa ile bega. Inanukia sabuni ya maua ya duka ya Mhindi. Nikaisugua na mbarika mpaka mzee akapiga kelele.

"Mama Zakayo, unanikanda ama unanilipiza?"

"Nakukanda."

"Basi niue mara moja."

Nikafikiri, mzee ataweza hii bunduki kwa akili ya mkono wangu. Nikachukua blanketi kuukuu, nikajaza zile nyuzi fupi za mkonge zinazobaki kwa mashine, nikashona mto wa kuweka begani, mnene kama mkate. Nilishona na uzi mara mbili. Mbithe akaja akaugeuza-geuza.

"Mama, hii ni ya bunduki ama ni ya mtoto kulalia?"

"Ni ya mume wangu."

"Wetu, Mama."

"Wangu kwanza."

Niliona mashavu yake yakicheka.

Basi mzee akavaa mto, akasimama mbele ya debe, akafyatua. Kitako kikakosa pahali pa kukaa, kikateleza juu ya mto, kikampiga shavuni. Jicho ikafunga kama ya mtu ameumwa na nyuki. Tangu hapo mtu akifanya kazi mbaya hapa kwa laini wanasema, "Hiyo ni mto wa Mama Zakayo." Mimi nasema mpaka leo mto ulikuwa mzuri, ni yeye aliuvaa vibaya. Mama Nduta, mbona hujaandika hiyo? Andika.

Bwana naye akawa na ujanja wake. Akawa anampa bunduki imefungwa, mara nyingine ina risasi, mara nyingine haina, na mzee hajui. Siku moja akafyatua ikalia kliki tu, ndani hakuna kitu. Lakini Baba Zakayo ameshafunga macho, ameshainua bega mpaka kwa sikio, amesharuka nyuma kama mtu amekalia kaa la moto. Bunduki imelala, yeye peke yake anapigana! Wanawake wa mkonge wakakaa chini kwa kucheka. Bwana akamwambia, "Unajipiga mwenyewe kabla haijakupiga." Mzee akarudi nyumbani hataki kuongea. Mimi nikanyamaza naye. Huyo mwingine hajui kunyamaza.

Tulikuwa tunakula kwangu wote watatu. Mbithe akasema, "Baba, ng'ombe anayepiga teke, ukimkamua ukiwa umekaa mbali, teke inakuja na nguvu yote. Ukiweka kichwa kwa mbavu zake umkaze, anakusukuma tu. Hiyo bunduki unakaa mbali nayo. Ivute kwako. Iingie kwa ile shimo ya bega, shavu ilale juu ya mti wake, uweke mguu mbele, uinamie kama unasukuma mlango. Ikirudi nyuma, rudi nayo."

Mzee akaacha tonge kwa sahani. "Umejua wapi hiyo?"

"Nimesikia tu."

Amesikia tu! Jerusa, alisikia kwangu! Ni mimi nilimwambia tukipukuchua mahindi, habari ya ng'ombe yangu ile nyeupe ya teke, na vile wewe mdogo wangu unaikamua na kichwa kwa mbavu mpaka inasalimu amri. Maneno ni yangu, ng'ombe ni yangu, hata kichwa ni ya mdogo wangu, na sifa inaenda kwa shingo ndefu! Nilifungua mdomo niseme, lakini ugali ilikuwa ndani, na nikimaliza kumeza mzee ameshasimama hapo katikati ya nyumba, ameshika mwiko kama bunduki, anauliza, "Hivi?" na Mbithe anamwekea mguu sawa. Kwa nyumba yangu. Na mwiko wangu.

Nikasimama na mimi. Nikamwambia, "Yote hiyo ni bure kama unafunga macho. Nitasimama mbele kando nikuangalie uso. Ukifunga nitakuita." Kwa sababu mimi najua uso wake, Jerusa, najua ukidanganya na ukiogopa. Basi kila jioni yeye anafyatua bunduki tupu, Mbithe anasukuma kitako kikae, mimi naita, "Umefunga! Umefunga tena, baba ya watu!" Watu wakasema bibi wawili wanamfundisha mzee vita. Nilikuwa naona mkono wa huyo msichana juu ya bega, lakini nikimwangalia yeye nitaacha kuona macho ya mzee. Kwa hivyo niliumia nikiangalia pahali pengine.

Ikafika siku akapiga debe. Debe ikaruka ikaenda kutafuta kwao. Yeye alisogea nyuma kidogo tu, kama mtu amesukumwa sokoni, akageuka akatutazama na meno nje. Wote wawili akatutazama. Nilitaka anitazame mimi.

Halafu mbogo. Mzee alimngoja penye mkonge inaisha, na bwana nyuma yake na ile ndogo. Mbogo akatoka, akainua pua. Mzee anasema alisikia sauti yangu kichwani, "Umefunga!" akafungua macho. Risasi moja. Mbogo akapiga magoti, akalala kama ng'ombe amechoka. Tulisikia mlio mpaka jikoni, na tukaangaliana na Mbithe, na Mungu anisamehe, tulishikana mikono. Halafu nikakumbuka nikaachilia.

Nyama aliileta mlangoni kwangu kwanza, kama desturi, bibi mkubwa ndiye anagawa. Moyo wangu ukakaa. Nikamkatia Mbithe fungu lake, si baya, mafuta kidogo. Mzee akanawa, akasema, "Mama Zakayo, wewe utakaa na mimi kwa nyumba ya mawe. Mbithe ataenda nyumbani."

Jerusa, nilitaka kuimba! Nikajikaza kama bibi mkubwa. Nikauliza pole pole, "Kwa nini mimi?"

"Yeye hajawahi kuona kwetu. Hajapika kwa jiko ya mama. Mwanamke ambaye hajapika kwa jiko ya mama bado ni mgeni, nikifa leo watamfukuza. Aende apike, alime, ajulikane. Awe bibi kamili."

Unaona? Umeona vile nimepigwa? Mimi nimepata mawe na pampu ya maji, na yeye anapewa jiko ya mama mkwe! Mimi nilipika kwa ile jiko nikiwa na machozi na moshi, mama mkwe akionja na kutema, miaka na miaka mpaka akaniita mtoto. Yeye atafika na ile shingo na sauti yake ya asali na wataanza kumpenda siku hiyo hiyo. Nawajua. Mnapenda wageni.

Sasa anafunga mzigo, atapanda gari moshi Thika wiki inayokuja. Jana alikuja akakaa hapa kwa kizingiti, akaniuliza, "Mama, Jerusa anapenda nini? Nimpelekee nini?" Nikamwambia hupendi kitu. Akaniuliza kama unacheka sana. Nikamwambia hapana. Akasema, "Nitakaa karibu naye, nisisikie upweke." Mimi hata usingizi sikupata.

Basi jibu ni hilo: mimi siji. Nyumba yangu ifagie, lakini ni yeye atalala. Sufuria kubwa mpe. Ile ndogo ya mama yetu ficha. Akikosea kwa jiko mwonyeshe, usiache mama mkwe amtemee chakula, mimi najua vile inauma. Akilia usiku sababu hajui lugha, nenda ukae naye. Ni mtoto, Jerusa. Lakini usikae mpaka asubuhi.

Nisalimie baba mkwe, mwambie kwa nguvu sababu ya masikio. Nisalimie shangazi anayefinyanga vyungu, na shemeji yetu fundi wa mabati, na yule mzee wa kanisa anayeimba kwa pua, mwambie huku hakuna wa kunichekesha kanisani. Mungu awatunze, nanyi mniombee na magoti yangu.

Na jambo moja tu nakuomba. Mwite Mbithe, mwite bibi ya shemeji, mwite mtoto ukitaka. Usije ukamwita dada. Dada yako yuko Ngoliba.

Ni mimi,
Kageha, Mama Zakayo,
kwa mkono wa Mama Nduta, ambaye ameacha kucheka.